Seva iwe mashine gani?

SWALI: Ushirika wetu wa maziwa hapa Molo umenunua programu ya kupokea maziwa, malipo ya wakulima na stoo. Tuna kompyuta sita. Fundi anakuja Jumatatu, na anataka kuweka kila kitu kwenye kompyuta ya mhasibu kwa kuwa ndiyo mpya. Je, kuna ubaya? – Katibu wa ushirika

JIBU: Upo, Bi. Katibu, nami nimeuona. Ushirika mmoja niliousaidia upande wa Njoro uliweka hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu zote za programu, kwenye mashine ya mhasibu. Jioni moja akamaliza kazi, akaizima kama kawaida, akapanda matatu kwenda Nakuru. Maziwa ya jioni yakafika. Karani wa mizani akabonyeza na kubonyeza, wapi! Kilo za wakulima zikaandikwa kwa kalamu ubavuni mwa katoni, na kufikia asubuhi tarakimu kadhaa zilikuwa zimelowa maziwa, hazisomeki. Hizo ni karo za watoto wa watu.

Kwa hiyo chagueni mashine moja isiyo na mwenyewe. Hiyo ndiyo seva: haizimwi jioni, wala hakuna anayeichomekea flashi yake. Kwa kompyuta sita, hifadhidata na programu kuu zinaweza kukaa humo pamoja. Kama ile mpya ndiyo yenye nguvu, mwombeni mhasibu aitoe achukue nyingine. Zile tano zilizobaki ni klaienti, kazi yao ni kuuliza na kujibiwa na seva, hazihitaji nguvu nyingi.

Seva ipewe anwani ya IP isiyobadilika, yaani namba ambayo mashine nyingine huitafutia kwenye mtandao. Mkiiachia ruta (kifaa kinachounganisha mashine kwenye mtandao) igawe, stima ikipotea na kurudi inaweza kuipa nyingine, na klaienti zote ziitafute mahali isipo.

Hapa nakusihi usimame karibu na fundi: programu nyingi za aina hii huuliza, wakati wa kusakinisha, mashine hii ni seva au klaienti. Mwenye haraka akichagua yote mawili kila mahali, mtakuwa na hifadhidata sita zisizojuana, na mtagundua siku ya malipo.

UPS, yaani betri ya kuishikilia seva stima ikipotea, ni lazima, na nakala ya hifadhidata ya kila siku ikae jengo jingine. Pimeni pia umbali wa ofisi na mizani, kwani waya wa mtandao ukizidi mita 100 unahitaji swichi ya mtandao katikati, yaani kisanduku cha kuunganisha nyaya, si ile ya taa.

Andika kwenye karatasi moja kila mashine, chumba chake na kazi yake. Fundi aisome kabla hajafungua begi.