Maswali ya Wasomaji: Flashi Isiyojifungua Kwenye Linux

SWALI: Nimeweka Debian (aina ya Linux) yenye eneokazi la Xfce kwenye kompyuta ya steshenari yangu. Mteja akichomeka flashi, taa inawaka lakini hakuna kinachofunguka. Kila mara inabidi niingie terminali niandike `sudo mount`, na hata hivyo siwezi kuhifadhi faili kwenye hiyo flashi. Nifanyeje ijipachike yenyewe? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Acha kwanza hiyo `sudo mount`. Flashi nyingi ni za FAT32 au exFAT, mifumo isiyohifadhi mmiliki wa faili, kwa hiyo anayeipachika, yaani anayeiunganisha na folda ili isomeke, ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye faili zote. Ukitumia sudo, mwenyewe anakuwa root, msimamizi mkuu wa mfumo, na wewe unabaki kusoma tu.

Kupachika flashi kunapitia mikono kadhaa. Keneli, kiini cha Linux, inakitambua kifaa na kukipa jina kama `/dev/sdb1`, huduma ya udev inatangaza kuwa kimefika, na huduma ya udisks2 ina mamlaka ya kukiweka kwenye folda bila wewe kuwa root. Lakini udisks2 haifanyi kitu mpaka iombwe, na anayeiomba ni programu ya eneokazi. Kwenye eneokazi la GNOME au KDE mwombaji huyo kwa kawaida anakuja tayari. Kwenye Xfce iliyowekwa kwa vipande, mara nyingi yeye ndiye anayekosekana.

Hakikisha hivi. Chomeka flashi, andika `lsblk -f`. Isipoonekana kabisa, angalia `sudo dmesg | tail -20`: tatizo liko kwenye tundu, waya au flashi yenyewe, na hakuna mpangilio wa eneokazi utakaolitibu. Ikionekana, andika bila sudo, ukiweka jina uliloliona badala ya sdb1:

`udisksctl mount -b /dev/sdb1`

Ikifunguka ndani ya `/media/` chini ya jina lako la mtumiaji, sehemu za chini zote ni nzima, kinachokosekana ni mwombaji. Weka kilichopungua:

`sudo apt install udisks2 gvfs thunar-volman`

Kisha endesha `thunar-volman-settings` na uweke tiki kwenye visanduku vya kupachika diski na vifaa vinavyochomekwa, pamoja na kile cha kufungua dirisha lake. Vya kuendesha programu zilizomo ndani viache bila tiki. Unapokea flashi za watu usiowajua. Virusi vya Windows haviwezi kujiendesha kwenye Debian yako kwa kufungua folda tu, ila vinabaki kwenye flashi na kuondoka na mteja.

Bado kuna jambo moja linalowapita wengi: thunar-volman inaitwa na Thunar, programu ya Xfce ya kufungua folda, hivyo Thunar lazima iwe inaendelea nyuma ya pazia. Ongeza `thunar --daemon` kwenye programu zinazoanza unapoingia, toka, ingia upya. Anayetumia Openbox au i3, vidhibiti vyepesi vya madirisha, asihangaike na haya yote, aweke `udiskie` na kuianzisha pamoja na eneokazi.

Udisksctl ikikudai nywila kwa flashi ya kawaida, chunguza umeingiaje. Polkit, huduma inayotoa ruhusa, inamruhusu bila nywila mtu aliyeketi mbele ya mashine tu. Aliyeingia kwa SSH, yaani kutoka kompyuta nyingine, hahesabiwi hivyo. Pia usikubali ushauri wa kuandika amri ya mount ndani ya kanuni ya udev. Huduma ya udev inaendeshwa ikiwa na mwonekano wake wa pekee wa mfumo wa faili: flashi itapachikwa kwake, wewe hutaiona.

SWALI: Nina diski ya nje ya nakala rudufu. Nataka ikae folda ileile kila siku. Niliiweka kwenye `/etc/fstab`, orodha ya diski za kupachikwa, na siku niliyoisahau nyumbani kompyuta iligoma kuwaka hadi mwisho. – Msomaji, Nakuru

JIBU: Ulikosa neno `nofail`. Bila hilo, systemd, programu inayouwasha mfumo, inaisubiri diski sekunde 90, kisha inakuingiza kwenye hali ya dharura. Tengeneza folda kwa `sudo mkdir -p /mnt/nakala`, chukua UUID, utambulisho wa pekee wa diski, kwenye `lsblk -f`, na uandike mstari mmoja. Huu ni wa diski ya ext4:

`UUID=weka-yako-hapa /mnt/nakala ext4 nofail,x-systemd.automount,x-systemd.device-timeout=5 0 2`

Halafu `sudo systemctl daemon-reload` na `sudo systemctl start mnt-nakala.automount`. Usiandike `/dev/sdb1` badala ya UUID, maana jina hilo linahama ukichomeka flashi nyingine kwanza. Diski itapachikwa pale folda inapoguswa. Isipokuwepo, utapata kosa baada ya sekunde 5, na hiyo ndiyo faida kubwa: nakala haziandikwi kimyakimya kwenye folda tupu ya diski ya ndani.

Kwa exFAT au FAT32 ongeza `uid=1000,gid=1000` na ubadilishe tarakimu ya mwisho iwe 0. Kwa ext4 usiongeze, haitapachikwa. Tumia `chown`, amri ya kubadili mmiliki, mara moja baada ya diski kufunguka.

SWALI: Mstari wa kunakili unafika mwisho haraka, nachomoa, kumbe video haijakamilika. – Msomaji, Tanga

JIBU: Keneli inapokea data kwenye RAM kwanza na kuiandika kwenye flashi baadaye, kwa hiyo mstari umepima RAM. Bonyeza alama ya kutoa pembeni ya jina la flashi usubiri iondoke, au:

`udisksctl unmount -b /dev/sdb1`
`udisksctl power-off -b /dev/sdb`

Amri ya kwanza hairudi mpaka data yote iwe imeandikwa. Kwa video kubwa na flashi ya USB 2.0 inaweza kuchukua dakika kadhaa, usiikatishe. Ikisema kifaa kinatumika, `fuser -vm` ikifuatiwa na njia ya folda itakutajia programu iliyokishikilia. Mara nyingi ni terminali iliyoachwa wazi ndani ya folda hiyo.