Anza na Rekitifaya, Inveta Ifuate

Msomaji ameuliza swali linalojirudia sana: inveta yake (saketi inayogeuza umeme wa DC kuwa AC) ya daraja E, yaani ile ambayo transista huwaka volteji yake ikiwa imeshuka hadi sifuri, ya MHz 13.56, inatulia kabisa ikibeba rezista, lakini akifunga rekitifaya (saketi inayorudisha AC kuwa DC), transista inachemka hadi kuungua. Ndugu yangu, usibadilishe transista. Umeanza kusanifu upande usiofaa.

Dayodi ya Schottky iliyo ndani ya rekitifaya ina kapasitansi yake (uwezo wa kuhifadhi chaji), nayo hubadilika kadiri volteji inavyopanda na kushuka. Kwa masafa haya hiyo ni sehemu ya saketi, wala si kasoro ya kupuuzwa. Endesha rekitifaya peke yake kwenye simulesheni: ilishe mkondo wa wimbi la sine, shikilia volteji ya pato, toa nguvu kamili. Rekebisha koili yake mpaka volteji na mkondo wa masafa ya msingi viende sambamba. Gawanya volteji kwa mkondo, upate R, yaani ukinzani. Hiyo ndiyo R ya mzigo ambayo inveta itaiona.

Tuseme una V 24 za kuingiza na unataka W 20 za pato. R iwe 0.5768 × 24² ÷ 20, yaani Ω 16.6, rekitifaya ikikupa nyingine, weka katikati mtandao wa kulinganisha, yaani koili na kapasita zinazoifanya R moja ionekane kama nyingine. Kapasita ya dreni (mguu wa transista unaopokea mkondo) ni 0.1836 ÷ (ωR), ambapo ω ni 2π mara masafa, karibu pF 130, na kapasitansi ya transista yenyewe imo humo. Ikiwa transista ina pF 90, unaongeza 40 tu. Volteji ya dreni hufika mara 3.56 ya ingizo, V 85, na huzidi hapo kwa sababu kapasitansi ya transista haitulii. Transista ya V 100 haifai. Chukua ya 150 au 200.

Kwenye oskiloskopu, tazama bonde la volteji ya dreni, yaani pale inaposhuka chini kabisa kabla transista haijawaka. Geti (mguu unaoiwasha transista) ikiwaka dreni ikiwa bado na V 30, unachoma karibu W 0.8 ndani ya transista, bure. Ongeza koili ya mfululizo kidogo, au punguza kapasita ya dreni. Vyote viwili hushusha bonde. Lakini kumbuka probu: ya kawaida ya 10× huongeza pF 10 hivi, karibu asilimia 8 ya pF 130. Ukirekebisha ikiwa imegusa dreni, ukiiondoa saketi imehama. Na ule waya mrefu wa ardhi utoe, tumia springi fupi.

Kapasita za kauri ziwe za aina ya C0G. Aina ya X7R hupoteza kapasitansi volteji ikipanda. Koili ya hewa inatosha kwa nanohenri mia kadhaa, ila isikae juu ya shaba ya bodi.

Mzigo ukipungua, R inabadilika na bonde linapotea. Usihangaike kupunguza nguvu kwa kubadili masafa. Washa na zima inveta nzima kwa mapigo ya masafa ya chini zaidi, ili kila inapowaka ifanye kazi kwa nguvu ile ile uliyoikokotolea.