Leso moja Muscat: kupanga rangi za filamu ya uhamiaji

Filamu nyingi za wahamiaji zina mazoea yaleyale: nyumbani manjano, ughaibuni buluu. Lakini mhusika wako akitoka Mji wa Kale wa Mombasa kwenda kufanya kazi za ndani Muscat, Oman, mazoea hayo hayakufai kitu, maana kote jua ni kali. Tofauti iko kwenye wingi wa rangi. Mombasa kuna chokaa iliyopauka, milango ya mbao na leso za kila namna kambani. Muscat majengo ni meupe au rangi ya mchanga, kwa masharti ya manispaa yenyewe, na nyuma yake milima ya kahawia.

Chagua rangi nne au tano kwa filamu nzima, na moja tu iwe ya mhusika. Tuseme nyekundu ya kisutu, ile leso ya nyekundu, nyeusi na nyeupe. Pitia skripti tukio kwa tukio, andika pembeni itakapoonekana, kisha iondoe kwingine kote: ndoo, mto wa kochi, hata nyanya za jikoni (hizo ndizo husahaulika). Leso ikionekana Muscat mara tatu, ndani ya begi, chini ya mto wa kulalia, kwenye kamba ya nguo, mtazamaji ataielewa bila kuambiwa. Kila shoti ikiwa na kitu chekundu, leso inabaki nguo tu.

Kisutu kipya kina tabu zake. Weupe wake hung'aa kuliko uso wa aliyekivaa, na wekundu wake hukolea kwenye kamera hadi nakshi zinapotea. Kifue mara mbili tatu, kiloweke kwenye chai ya rangi nzito kama nusu saa, ukisuuze, kisha ukijaribu begani mwa mwigizaji kwa kamera na taa zilezile za siku ya kazi.

Kuta nyeupe nazo zina hila. Ukimsimamisha mwigizaji mweusi karibu nazo, kamera inayojipimia yenyewe hupunguza mwanga, uso ukazama gizani. Pima mwanga usoni, msogeze mbali na ukuta kama mita mbili, na zuia taa zisiupige ukuta.

Waiti balansi, yaani mpangilio wa kamera unaoamua nyeupe ionekane vipi, iweke kwa mkono: Kelvini 5600 juani, 3200 kwa taa za tangsteni (zile za manjano). Ukiiachia otomatiki, itasawazisha tofauti yote uliyoihangaikia. Taa za LED za bei poa, zenye CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi, hadi 100) chini ya 90, mara nyingi hutia ngozi ukijani, na kuusafisha kwenye kompyuta ni kazi ya kuchosha ambayo mara nyingi haikamiliki.

Mhusika akianza kuzoea, usimmwagie nyekundu upya. Ingiza rangi ya mchanga kwenye mavazi yake polepole, kwanza mtandio, baadaye gauni. Akirudi Mombasa likizo amevaa krimu tupu katikati ya leso za kina mama, ule mstari wa mamake, "Umebadilika, mwanangu," ufute kwenye skripti.