Muulize Fundi: Uso wa meza umepasuka

*Shikamoo fundi. Nilitengeneza meza ya kulia kwa mbao ngumu, uso wake una upana wa sentimita 90. Niliupaka gundi juu ya fremu pande zote nne, kisha nikaukaza kwa skurubu 12 ili usiyumbe. Baada ya miezi minane umepasuka katikati, ufa unapita kalamu. Je, nimeuziwa gundi mbovu?*
— Msomaji aliyevunjika moyo

Marahaba, na pole sana. Gundi yako ni nzima. Imeshika vizuri mno mahali ambapo haikutakiwa kuwepo kabisa.

Ubao hunywa unyevu hewa ikiwa na maji na huutema hewa ikikauka. Hauachi tabia hiyo hata meza ikifika mikononi mwa wajukuu. Ukinywa unapanuka, ukitema unasinyaa, lakini kwa upana tu, yaani kukingama na nyuzi zake. Kwa urefu hautembei kiasi cha kukusumbua. Fundi aliyenifunza alinitundikia kipande cha ubao cha sentimita 30 ukutani na kuniamuru nikipime upana kila mwezi, nichore alama ya penseli pembeni. Mwaka ulipoisha, alama ya chini na ya juu zilipishana karibu milimita 3. Sasa zidisha mara tatu upate meza yako: milimita 9 zinatafuta pa kwenda. Fremu haikuzipa nafasi, kwa sababu mbao zake za kichwani, zile za miisho miwili ya meza, zimelala kwa urefu wa nyuzi palepale ambapo uso unasinyaa kwa upana. Moja ilitaka kutembea, nyingine ikagoma, na uso ukapasuka.

Usizibe ufa kwa unga wa mbao na gundi. Nakusihi. Unyevu ukirudi, ubao utapanuka, utakuta kabari uliyoiweka mwenyewe, na utapasuka mahali pengine. Ng'oa skurubu zote, tenganisha uso na fremu kwa msumeno mwembamba pale penye gundi, halafu pasua uso wote kwa kufuata ufa. Piga randa kingo mbili mpaka zikutane bila mwanga kupenya, gundisha upya, bana kwa jiriwa, acha siku nzima.

Wakati wa kuurudisha, hakuna gundi. Chimba mfereji mdogo upande wa ndani wa mbao za fremu, kisha chonga vifungo vya mbao vyenye ulimi unaoingia kwenye mfereji huo. Kifungo kinakazwa kwa skurubu kwenye uso wa meza tu, ulimi wake unateleza ndani ya mfereji. Kwenye fremu za pembeni, zile zinazofuata urefu wa meza, acha milimita 5 kati ya kifungo na fremu, ili uso upate pa kwenda. Kama vifungo vinakushinda, toboa matundu marefu ya skurubu yanayokingama na nyuzi za uso. Pale katikati ya kila fremu ya kichwani unaweza kukaza moja kwa moja, ili uso utembee sawa kulia na kushoto.

*Fundi, kiti changu kinacheza kwenye mguu wa nyuma. Nimekitia gundi mara tatu, kila mara kinashika wiki mbili kisha kinalegea. Nipige msumari?*
— Mama wa watoto watatu

Hapana mama, msumari utapasua ulimi, ile ncha ya ubao inayoingia kwenye tundu la mguu, na hapo hutakuwa na cha kutengeneza. Gundi nyeupe haishiki juu ya gundi nyeupe iliyokwisha kukauka. Inataka mti mtupu ili iingie kwenye nyuzi. Chomoa kiungo taratibu, kwangua ulimi na kuta za tundu kwa patasi mpaka uone rangi ya mbao.

Kisha jaribu kuunga pakavu. Ulimi uingie kwa kusukumwa na kiganja: ukihitaji nyundo umebana mno, ukidondoka wenyewe umelegea, na wa kwako bila shaka umelegea. Gundi ya namna hii haijazi pengo. Gundisha kipande chembamba cha mbao, nyuzi zikifuata nyuzi za ulimi, kwenye kila shavu la ulimi, kikauke, halafu chonga kidogo kidogo huku ukijaribu. Hakikisha pia ncha ya ulimi haigusi mwisho wa tundu. Acha milimita 2, la sivyo mabega, yaani kingo zinazozunguka shina la ulimi, hayatafunga hata ukibana kwa nguvu zote. Ukitengeneza kiti kipya, unene wa ulimi uwe kama theluthi ya unene wa ubao.

*Ninaanza. Ninunue seti ya patasi 12?*
— Kijana wa kujifunza

Nunua tatu, ya milimita 6, 12 na 25, na fedha inayobaki weka kwenye kinoo kizuri. Sawazisha kwanza mgongo wa patasi mpaka ung'ae karibu na makali, noa kwa pembe ya digrii 25, ncha yenyewe kwa digrii 30. Ijaribu kwenye kichwa cha ubao laini, pale nyuzi zilipokatwa: ikiacha uso unaong'aa iko tayari, ikiuvuruga rudi kwenye kinoo. Patasi butu ndiyo inayokata vidole, kwa sababu unaisukuma kwa nguvu na inateleza.

*Nimepaka mafuta ya kitani kwenye rafu, wiki mbili sasa bado inanata.*
— Msomaji

Umepaka nene, au umetumia mafuta mabichi, ambayo huchukua wiki nyingi kukauka. Futa kwa kitambaa chenye tapentaini, sugua mpaka unato uondoke, iache ipigwe na hewa. Safari nyingine tumia mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yale yanayouzwa kwa kupaka mbao. Paka, subiri kama dakika 15, kisha futa yote yaliyobaki juu. Mikono mitatu myembamba, kila mmoja ukikauka kabla ya unaofuata.

Na vile vitambaa ulivyofutia, usivikunje wala kuvirundika kwenye kona. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na rundo la vitambaa linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti, saa kadhaa baada ya wewe kufunga karakana. Vitandaze kimoja kimoja nje, mbali na maranda, mpaka vikauke na kuwa vigumu. Au viloweke kwenye maji ndani ya kopo la bati lenye mfuniko. Fanya hivyo leo, kabla hujaishika tena rafu.