Kabla hujanunua lupangu Lubumbashi ili upangishe

Mdogo wangu, umeeleza kwamba umeweka dola 6,000, umepata lupangu (kiwanja) upande wa Komini Annexe, pembezoni mwa mji, unataka kujenga nyumba ndogo tatu za kupangisha, na muuzaji anadai avansi (malipo ya kwanza) kabla ya Jumamosi. Umesema pia unakaa Ruashi kwa wazazi na nyuma ya nyumba kuna nafasi. Mimi napangisha tangu 2014. Nilianza na chumba na sebule nyuma ya nyumba yangu Katuba, leo familia nne zinakaa kwangu.

Hiyo avansi usiitoe bado. Kwetu Kongo, tangu sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Serikali. Anayekuuzia anakuachia haki ya kuutumia tu, na karatasi inayoishika haki hiyo ni setifika (cheti) ya konsevateri, yaani ofisa anayetunza hati za ardhi. Fishi, yaani karatasi ya lupangu inayotolewa na komini (serikali ya mtaa), ni hatua ya njiani. Watu wanajenga juu ya fishi, wanazaa, wanazeeka, mpaka siku anafika mwenye setifika. Shangazi yangu aliuziwa lupangu iliyokuwa imeshauzwa kwa mtu mwingine. Alipojua, msingi ulikuwa umefika magotini; matofali yaliyobaki aliyauza kwa jirani kwa bei ya hasara.

Kwa hiyo chukua numero ya lupangu, nenda mwenyewe kwa konsevateri na kadasta (ofisi ya upimaji wa ardhi), uliza ni jina la nani limeandikwa na kama kuna mzozo au deni juu yake. Uliza na wamama wanaouza makala (mkaa) na mboga mbele ya lupangu hiyo; wao wanajua ni nani amekuja kupima na nani amekuja kugomba. Kama mwenye lupangu alikwisha kufa, taka kuwaona warithi wote, si yule mkubwa peke yake.

Ningekuwa wewe ningeanza Ruashi. Ndugu zako waandike na kusaini kwamba wamekubali ujenge, na mapato yatakuwa ya nani, kwa sababu baba na mama wakiondoka maneno ya mdomo hayatakusaidia. Pale unakaa karibu na lokatere (mpangaji), unajifunza bila kupanda taksi kila bomba linapovuja.

Halafu maji. Wageni katika kazi hii wanafikiria rangi na vigae, lakini lokatere wa Lubumbashi anauliza maji kwanza. Kama maji ya bomba ya Regideso, kampuni ya maji, hayafiki, chimba kisima, na ukichimbe Septemba au Oktoba, kabla mvua haijaanza, maji yanapokuwa chini kabisa. Kisima kilichochimbwa Februari kinakudanganya: kimejaa, unafurahi, Oktoba ndoo inarudi na tope. Kisima kikae upande wa juu wa lupangu na choo upande wa chini, mbali kadiri nafasi inavyoruhusu. Umeme, kila nyumba na mita yake kama unaweza. Mimi nilikuwa na mita moja kwa watu wote, na kila fakitire (bili) ya Snel, kampuni ya umeme, ilileta ugomvi kati ya mwenye resho (jiko la umeme) na anayepika kwa makala.

Sasa garanti, pesa ambayo lokatere anaiweka kwako akiingia na anarudishiwa akitoka; hapa naomba unisikilize. Sheria ya 31 Desemba 2015 inakataza kudai garanti ya zaidi ya miezi mitatu ya kodi kwa nyumba ya kukaa. Utakuta watu wanadai zaidi, usiwafuate. Tena hiyo pesa si yako. Mwaka 2016 nilipokea dola 150 za garanti nikazinunulia mabati ya nyumba ya pili. Baada ya miezi minane kazi ikamhamishia lokatere Kolwezi. Nyumba aliiacha safi, garanti ilikuwa haki yake, na mimi sikuwa nayo. Nilimzungusha wiki tano, mke wake ana mtoto mchanga, wanangoja pesa ya safari. Nilimwomba msamaha, lakini bado linaniuma. Tangu hapo garanti zote ziko kwenye konti ya benki iliyo ya garanti tu, hata watoto wakikosa minerval (karo ya shule) siigusi.

Kontra (mkataba) iwe ya maandishi, ipite ofisi ya habitat (makazi) ya komini. Siku ya kukabidhi funguo zungukeni pamoja, mwandike vioo, vitasa, balbu, nyufa za ukuta, kila mmoja asaini na abaki na nakala.

Hesabu zako umezifanya kwa miezi kumi na miwili. Weka kumi, maana kuna miezi nyumba inakaa tupu. Nyumba tatu kwa dola 50 kwa mwezi ni 1,500 kwa mwaka, kwa hiyo dola 6,000 zako zinarudi baada ya miaka minne, kabla hujatoa matengenezo na kodi ya Serikali juu ya mapato ya nyumba. Kama miaka hiyo ni mirefu kwako, sema sasa, kabla hujanunua simenti.

Komisioneri (dalali) atakupigia Ijumaa usiku akuambie kuna mnunuzi mwingine yuko na pesa mkononi. Mwambie unangoja jibu la konsevateri. Kama muuzaji hawezi kungoja siku hizo chache, amuuzie huyo mwingine.