Pesa za mwani ni zako, mdogo wangu

Mdogo wangu wa Paje, umeuliza kama ni haki mumeo kuchukua pesa zako za mwani kwa kuwa yeye ndiye mwenye nyumba. Si haki hata kidogo! Katika dini yetu chumo la mke ni lake, na matumizi ya nyumba yamo shingoni mwa mume. Ukimsaidia, hiyo ni hisani yako.

Ila usimkabili anapotoka baharini mikono mitupu. Mimi nilingoja baada ya isha, nikamtilia mume wangu chai, nikamwonesha vidole vyangu vilivyochanika kwa kamba na chumvi. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza mwani hufungwaje.

Wako akishikilia, waite wazee wa pande zote mbili, kisha kadhi. Na hizo pesa ziweke kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, si chini ya godoro.