Je, ITS Connect Itafanya Kazi Huku Kwetu?

SWALI: Ndugu Mhariri, nataka kuagiza Toyota Crown iliyotumika kutoka Japani. Kwenye orodha ya vifaa vyake imeandikwa "ITS Connect", na muuzaji anataka niongeze fedha kwa sababu hiyo, akieleza kuwa gari hilo huwasiliana na barabara. Je, kifaa hicho kitanifaa hapa Dar es Salaam?
Msomaji, Tabata

JIBU: Ndugu msomaji, maelezo ya muuzaji ni ya kweli kwa Japani, lakini usiongeze hata shilingi moja, kwa kuwa nusu ya mfumo huo imebaki hukohuko, juu ya nguzo za taa za barabarani.

Toyota ilianza kuuza mfumo huo mwaka 2015. Kwenye baadhi ya makutano hufungwa vitambuzi vinavyoona magari yanayokuja na watu wanaovuka, kisha taarifa hizo hurushwa hadi kwenye gari kwa mawimbi ya redio ya megahazi 760. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo hatari yao kwenye njia panda ni ileile yetu: dereva anataka kukata kulia, na lori lililosimama mbele yake, upande wa pili, linamziba asione gari linalokuja. Kitambuzi kilicho juu huliona, na dereva akiachia breki ili aingie, mlio husikika na onyo hutokea kwenye dashibodi. Huonywa pia anapoikaribia taa nyekundu bila kuondoa mguu kwenye mafuta. Breki, hata hivyo, hubaki kazi yake mwenyewe.

Huku kwetu nguzo hizo hazipo, na masafa hayo katika ukanda wetu yametengwa kwa ajili ya simu za mkononi. Ulaya na Marekani hutumia gigahazi 5.9, hivyo gari hilo lisingeelewana hata na nguzo za huko. Ndiyo maana naona ni lazima nchi za Afrika Mashariki zikubaliane mapema juu ya masafa na muundo wa ujumbe, pamoja na saini ya kidijitali ya kuzuia maonyo ya uongo, kwa sababu lori linalopakia bandarini Dar es Salaam hushusha Kigali au Bujumbura.

Kwa sasa, fedha hiyo nunulia matairi mapya, na umuulize muuzaji kama gari lina rada na kamera ya mbele zilizo nzima, maana hizo hazitegemei nguzo yoyote.